Hotuba ya Kuzindua Kioo Kinachotibu Migomba

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ametuma salamu, mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye yuko njiani, waheshimiwa wa meza kuu, kwa itifaki ya kivuli mlichokalia, baba paroko, shehe wetu kutoka Bukoba mjini, wadau na wadau wa wadau, na ninyi wananchi wa Izimbya mliosimama juani, kwa salamu yetu ya Kihaya: kasinge waitu! (Makofi kutoka meza kuu.)

Mimi, Mratibu wa Mageuzi ya Kidijitali ya Zao la Ndizi, niliyehudhuria semina nyingi za ubunifu, baadhi hadi mwisho, ninayo heshima kuzindua tena kioo hiki cha kugusa, chenye intafesi rafiki, ambacho mkulima wa hapa au wa Kimwani kule Muleba atakionyesha jani la mgomba unaoumwa, nacho kitamjibu papo hapo, kwa Kiswahili na kwa Kihaya, kama ni mnyauko au ni ukame tu, na afanye nini. Tathmini yetu inaonyesha asilimia mia moja na nne ya wakulima wameridhika, na hiyo ya ziada ni watu wa Kagondo waliokuwa wanapita. (Kicheko nyuma.)

Nimtaje Mama Gaudiosa, yule pale mwenye kanga ya bluu, mjane aliyelea watoto wake kwa kibanja cha migomba alichoachiwa na mkwewe. Majani yake yalipoanza kugeuka njano, na mikungu kuiva kabla ya wakati, majirani walimshauri afyeke migomba michache iliyoumwa, aifukie, ili mingine isalimike. Lakini mama huyu alikuwa ameshiriki pailoti yetu, yaani majaribio, na sisi tulikuwa tumemwagiza asikate chochote mpaka kioo kiseme. Alikuja ofisini na jani, tukampongeza kwa ushirikishwaji. Akarudi na ndizi iliyooza ndani, tukampiga picha, na picha ikapendeza sana kwenye kalenda yetu. Akaendelea kusubiri kwa utulivu, utulivu ambao kitaalamu tunauita yuza ekspiriensi, yaani uzoefu wa mtumiaji.

Hatimaye tukamwezesha kukigusa. Alikigusa kwa kidole, kisha kwa kiganja kizima, halafu akanitazama.

“Mwanangu, nimegusa,” alisema. “Kibanja changu chote kimelala chini, na hiki hakijanijibu neno.”

Nilimfafanulia kwamba mfumo unachakata. Akakaa chini akalia bila sauti. Alipoinuka alikwenda nyumbani, na majirani wakamsaidia kukata migomba yote, hata ile aliyoipanda mkwewe kwa mkono wake. Leo analima mihogo, na ndizi za kupika ananunua sokoni kama mgeni. Katika ripoti yangu nimeeleza kwa fahari kwamba mnufaika amehamia zao mbadala. (Meza kuu wanapiga makofi. Nyuma hakuna anayepiga.)

Naona mama mwenyewe amesimama. Mpeni kipaza sauti. Huu ndio uwazi. Kwa wale wasiosikia vizuri, anaomba aambiwe mbele ya majirani zake kama ndani ya kioo kile kumewahi kuwa na kitu chochote. Ni swali zuri, swali la kiubunifu kabisa, na kamati italijibu itakapoundwa. (Watu wanasogea mbele.)

Msisogee, tafadhali, kuna nyaya. Hapana, hakuna nyaya, lakini msisogee.

Mgomba kidijitali! (Sauti moja: “Hoyee.”) Gusa, upone! (Kimya.)

Basi nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru fundi wa Bukoba aliyetukatia kipande cha dirisha. Namshukuru binti yetu Sumaiya, aliyekichorea vitufe kwa rangi ya kucha. Na kwa namna ya pekee nakushukuru wewe, Mama Gaudiosa, kwa kusubiri jibu, maana sisi wenyewe, tangu siku ya kwanza, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisubiri.