Bibi Harusi na Gari Lisilo na Sauti

Jumatatu, 1 Septemba

Nimedhalilishwa. Kamati ya harusi ya Careen, mwanangu wa kwanza, ilikaa jana sebuleni kwangu. Mwenyekiti ni Ludovick, jirani yetu hapa Bagara, Babati, mtu ambaye hata salamu anaitoa kama anakugawia shamba. Wameamua kwamba Jumamosi bibi harusi ataenda kanisani kwa gari la Ludovick. Na gari langu, lile jipu? Mama Careen akasema, kwa upole kabisa, kwamba litabeba masufuria.

Masufuria! Jipu la mwaka 1984! Ludovick akaongeza kwamba nikipita Nakwa watu hutoka na ndoo za mahindi, wakidhani mashine ya kusaga imewashwa. Kamati nzima ikacheka. Careen hakucheka, aliinama tu. Anaona aibu kwa ajili yangu. Imeniuma sana.

Nimeapa. Mwanangu ataingia kanisani kwa gari la baba yake, tena gari ambalo Ludovick hajawahi hata kuliegemea.

Jumanne, 2 Septemba

Kuna kampuni imeleta gari la umeme kutoka Arusha, wanalionyesha karibu na uwanja wa mpira. Jeusi, pana, linang'aa mpaka unajiona ulivyochoka. Nikavaa suti. Muuzaji, kijana anayeitwa Elibariki, aliniamkia kwa adabu, akauliza shughuli zangu. Nikamwambia nalima mbaazi. Ni kweli. Idadi ya ekari hakuuliza, nami sikumsumbua. Akanipa usukani, yeye akakaa pembeni.

Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikashauri tulisukume. Elibariki akasema lilikuwa limeshawaka, ila sasa nimelizima.

Nimeyalinganisha magari haya mawili kwa haki. La umeme lina kiti kinachokukanda mgongo. Jipu nalo linakanda, ila halikuulizi kwanza. La umeme lina kioo kinachokuonyesha barabara iliyo chini yako. Jipu lina tundu sakafuni, barabara unaiona vilevile. La umeme lilipanda kilima cha kwenda Singe bila kuhema. Jipu hapo hupumzika mara mbili, na abiria hushuka.

Kasoro moja. Nilipita mbele ya nyumba ya Ludovick mara tatu. Alikuwa barazani anasoma gazeti. Hakuinua kichwa. Mara ya nne nikafungua kioo nikakohoa. Akafunua ukurasa.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemwambia Elibariki kwamba gari la bei ile halinunuliwi kama nyanya, lazima lijaribiwe nyumbani kwa mnunuzi. Tukafika saa nne asubuhi. Siku zote jipu likiwa bado njia panda, Mama Careen ameshainjika chai. Leo hakuna aliyesikia kitu. Nikashuka, nikanyata mpaka dirishani ili niwashtue.

Ludovick alikuwa kwenye kiti changu! Kikombe changu mkononi! Kamati yote imejaa humo, wanakula mihogo yangu. Kumbe hukutana kila siku, na hutawanyika wakisikia jipu linakuja. Nilikuwa tayari kuingia kumnyanyua kwa kola. Ndipo nikamsikia Careen.

"Mimi gari lingine sitaki," alisema. "Tangu niko darasa la kwanza, nikilisikia lile jipu najua baba amefika. Jumamosi nitakaa ndani mpaka nilisikie, ndipo nitoke."

Sikungoja kusikia wengine wanasema nini. Nikarudi nyuma polepole. Elibariki akauliza macho yana nini, nikamwambia ni moshi wa jikoni. Jikoni hapakuwa na moto.

Mtoto gani huyu! Yuko tayari kuaibika mbele ya Babati nzima ili mimi nisiumie. Basi azma yangu sasa ni mara mbili. Lile jipu hapandi ng'o.

Alhamisi, 4 Septemba

Mama Careen kaniambia nioshe jipu. Nioshe na viti. Nikamuuliza tangu lini masufuria yanajali viti. Akatabasamu tu. Nikaliosha, sitaki anishuku. Jioni Ludovick akaja kulifunga utepe mweupe. Sasa ananikejeli waziwazi, tena uani kwangu.

Nimemwambia Elibariki kwamba jaribio la mwisho ni la bibi harusi. Gauni litaenea? Shela haitanaswa mlangoni? Tena wageni ni watu wenye uwezo wa kununua. Akafikiri, akakubali.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilitoka nyumbani alfajiri bila kuaga, simu nimeizima. Saa tatu nilikuwa nje ya geti la mbele ndani ya gari la umeme, suti, maua kila kona. Elibariki akauliza kama apige honi. Nikamkataza. Gari kama hili halijitangazi, linagunduliwa. Tukangoja. Kiti kikanikanda. Ndani ya ua wanawake wanaimba, hakuna anayetoka. Saa tatu na nusu, bado. Nikasema moyoni, wanawake na mavazi.

Saa nne kasoro nikasikia jipu langu linaunguruma nyuma ya nyumba. Vigelegele! Matarumbeta! Likatokea geti la nyuma. Nikamwambia Elibariki kwamba kamati hii imezidi, matarumbeta kwa ajili ya masufuria.

Saa nne na robo dada yangu Paskalina akatoka mbio, kiatu kimoja mkononi. Alipoona ni mimi akasimama.

"Sosthenes," akasema, "kama wewe uko hapa, mtoto anaendeshwa na nani?"

Ludovick! Walinitafuta kila mahali, akaona aliwashe jipu lipate moto mpaka nitokee. Careen akalisikia. Mashangazi wakamtoa kwa nyimbo, wakampandisha, na mashangazi wa Mbulu wakishaanza hakuna wa kuwazuia. Kamati nzima ilikuwa imekubaliana tangu Jumatano kwamba dereva ni mimi. Walitaka kunishtua.

Nilifika kanisani kimya kimya. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Careen alikuwa amesimama mlangoni, amekataa kuingia bila mimi, na padri anaangalia saa.

"Nilisikia gari lako, baba," akaniambia. "Nikatoka mbio. Kufika, siyo wewe."

Nikamshika mkono tukaingia. Nililia kutoka mlangoni mpaka mbele, na sioni haya kuandika hivyo. Baadaye Ludovick alinirudishia ufunguo. Akasema jipu ni zuri, ila breki zinahitaji padri wake peke yake.

Jumapili, 7 Septemba

Nimetafakari misa nzima, kosa nimeliona. Siyo langu. Gari la umeme halina sauti, basi.

Mchana nimeliwasha jipu nikalirekodi kwa simu dakika ishirini: likiunguruma, likikohoa, likizimika na kuwaka tena. Lilipoanza tu, Ludovick alichomoka sebuleni kwangu kwa mlango wa nyuma, kikombe changu kikiwa bado mkononi.

Elibariki hapokei simu. Nimemtumia ujumbe. Gari lake lina spika kumi na sita, alinihesabia mwenyewe. Mdogo wake Careen, Ester, anapata kipaimara Desemba. Safari hii gari la umeme litasikika mpaka Singe.