Ala Isiyouma

Jumatatu, 9 Oktoba

Harlan Pruitt anahamia Colorado! Amelinda mlango wa kanisa letu miaka tisa, sasa anakwenda kuishi na binti yake. Kiti chake cha mlangoni kiko wazi.

Nakitaka. Tangu nistaafu duka la chakula cha mifugo hapa Tule Flat, hakuna anayeningoja popote. Nikilala mpaka saa nne asubuhi, Texas nzima haina habari. Mlinzi wa mlango hungojwa. Asipofungua, kwaya inasimama juani.

Tunaokitaka ni wawili, mimi na Verlon Hatch. Verlon! Mstaafu wa posta, mwembamba, anayetabasamu hata akiumwa jino.

Mchungaji Kessler ametoa masharti. Mlinzi awe na bastola yake, na asiwepo muumini hata mmoja atakayeigundua. Mwaka jana mgeni aliona mpini wa bastola ya Harlan ukichungulia chini ya shati. Akaondoka na sufuria yake ya maharage kabla hatujaonja. Mchungaji anayakumbuka maharage yale mpaka leo.

Mwamuzi ni Bibi Ouida Crabtree, miaka themanini na mmoja. Kila Jumapili humkumbatia kila anayeingia, kuanzia mabegani hadi kiunoni, hamwachi mtu. Jumapili hii atatukumbatia kwa makini zaidi. Asipohisi chuma, tumepita.

Bastola ninayo, ya marehemu baba. Fupi, ya silinda inayozunguka, risasi tano. Shida ni hiyo silinda. Bastola bapa za siku hizi hulala kiunoni bila kelele, hii ina tumbo. Inahitaji ala, yaani mfuko wa kuivalia mwilini, ya kuificha, na ala isiyouma, maana ibada yetu ni saa mbili, kisha kuna chakula cha pamoja.

Nikafungua droo ya ala. Kila mwanamume wa mji huu ana droo hiyo, na hakuna anayeitaja mbele za watu. Yangu ina ala kumi na moja. Kila moja niliinunua nikiapa ni ya mwisho.

Nelda, mke wangu, alipita, akachungulia. Akasema mume wangu, nunua suruali iliyozidi namba mbili kiunoni, hapo ala yoyote itakaa vizuri. Nimevaa thelathini na sita tangu siku ya harusi! Nikamwomba aniachie mambo ya ufundi. Nimeagiza ala ya kumi na mbili kwa simu, itafika Ijumaa. Kabla ya hapo nitajaribu za zamani.

Jumanne, 10 Oktoba

Ala ya kuvaa ndani ya suruali. Ngozi ngumu, klipu ya chuma. Nimekwenda kuijaribu mgahawani kwa Dot.

Nikisimama: safi kabisa. Nikiketi: mama yangu! Silinda ilinichimba nyonga, mpini ukanisukuma mbavu. Nikaketi upande. Nikaketi upande wa pili. Mhudumu akaniuliza kama ni mawe ya figo, kwa sababu mjomba wake alikuwa akiketi hivyohivyo kabla ya kupasuliwa.

Verlon alikuwa meza ya jirani, anakula pai ya njugu za pekani. Ameegemea kiti utadhani yuko kwake. Ana bastola, najua anayo, anaibeba miaka ishirini! Nikamkagua kuanzia kola hadi viatu. Hakuna uvimbe wala mkunjo. Akaniona. Akauliza kama kuna kitu nimepoteza. Nikasema nilikuwa natazama pai tu.

Akaninunulia kipande. Ikabidi niketi tena nikile chote.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimepata akili! Ala ya kifundo cha mguu. Bibi Ouida ana mikono mirefu, lakini haifiki huko.

Niliivaa kwenye maombi ya leo jioni. Sikujua kwamba chuma hicho hugonga mfupa kila hatua. Kutoka garini hadi kitini nilichechemea. Mchungaji alipouliza nani ana hitaji la maombi, Bibi Ouida akasimama akautaja mguu wangu. Wa kulia, alibainisha.

Kanisa zima likaniombea dakika kumi na moja. Nilifumba macho kwa aibu. Nilipofumbua, Verlon amepiga magoti mbele yangu, amenyoosha mkono autie kwenye kifundo, auombee kwa karibu.

Niliruka! Nikapaza sauti kwamba nimepona. Nikatembea wima mpaka madhabahuni na kurudi, machozi yananitoka kwa maumivu. Watu wakapiga makofi. Bibi Ouida akalia, akasema kwa miaka yake yote hajaona uponyaji wa haraka namna ile.

Sasa siwezi kuchechemea tena katika mji huu. Ala ya mguuni imerudi drooni.

Alhamisi, 12 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya upelelezi. Mtu akiinama, shati hupanda, na shati likipanda, siri ya Verlon itakuwa mikononi mwangu. Nikampigia simu aje anisaidie kusogeza jokofu la nyama ya paa lililoko gereji. Akaja baada ya dakika tano. Hana kazi huyu mtu.

Mimi nilikuwa najaribu mkanda wa tumboni, ule mpana wa kunyumbuka wenye kifuko cha bastola. Bastola haikuwa na risasi, mimi si mwendawazimu. Joto la gereji lilikuwa nyuzi tisini na tano za Farenhaiti. Nilitokota ndani ya mkanda ule kama tamale, ule unga wa mahindi unaopikwa umefungwa majani.

Verlon aliinama mara nne. Shati lake halikupanda hata kidogo. Mimi niliinama mara moja. Suruali ikapasuka nyuma, praa! Mkanda uliolowa jasho ukateleza mpaka mapajani, na bastola ndani yake.

Verlon akainua macho akatazama dari. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Royce, kaka, hiyo suruali unaionea." Kwa upole! Hicho ndicho kinachoniudhi kwa huyu mtu. Angecheka ningejua namna ya kumjibu.

Jokofu limebaki lilipokuwa. Halikuhitaji kusogezwa.

Ijumaa, 13 Oktoba

Imefika! Ala namba kumi na mbili. Ngozi ya ng'ombe, mgongo mpana wa kutandaza uzito, manyoya ya kondoo upande wa mwilini. Karatasi yake inaahidi starehe ya mchana kutwa. Nimeinusa mara kadhaa.

Lakini ngozi mpya imekaza. Bastola inaingia nusu na kukwama. Njia ya wazoefu ni kuifunga bastola tupu kwa nailoni, kuilaza ndani ya ala siku mbili, na kuiacha ngozi ijifunze umbo. Sina siku mbili. Nina pasi ya mvuke ya Nelda.

Ngozi ikalegea, nakiri. Ila blauzi ya kwaya ya Nelda iliyokuwa kwenye meza ileile sasa inanuka tandiko la farasi. Amesema ataivaa hivyohivyo Jumapili na atasimama upande unakotoka upepo ili kanisa lote lijue ameolewa na nani.

Ala yenyewe nimeivaa mpaka wakati wa chakula. Inauma. Manyoya yanawasha, silinda inasukuma manyoya, manyoya yanasukuma mimi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mazoezi! Nimemwomba Nelda awe Bibi Ouida. Nimekumbatiwa mara arobaini kuanzia asubuhi. Bastola tupu, ala mpya, shati la Jumapili, koti.

Kila mara alisema anaihisi. Nikaisogeza mbele. Anaihisi. Nikaisogeza mgongoni. Anaihisi, na sasa nina kibiongo. Kwenye mara ya thelathini hivi alisema hajakumbatiwa namna hii tangu tulipokuwa wachumba, na kwamba anajua haikuwa kwa ajili yake. Nikasikia vibaya. Nikamkumbatia mara moja bila bastola. Akasema hiyo ndiyo nzuri kuliko zote, na sufuria ya chili, mchuzi wetu wa nyama na pilipili, ikaungua wakati huo.

Mbinu imebaki ile ile, kuvuta tumbo ndani na kusali. Nimeirudisha bastola kwenye sefu, maana ni sheria ya Nelda kwamba haivuki machweo nje ya sefu. Ala nimeitundika kwenye kiti pamoja na suruali, tayari kwa kesho. Sijawahi kutaka kitu namna hii tangu ujana.

Jumapili, 15 Oktoba

Niandike yote kwa mpangilio.

Tulichelewa. Nelda alikuwa garini anapiga honi, bakuli la viazi na jibini mapajani. Suruali, shati, ala, tai, koti, mbio!

Halafu muujiza. Njiani nikagundua ala haiumi. Haiumi! Ngozi ilikuwa imejifunza umbo langu. Sikuvuta tumbo. Nilishuka garini kama kijana. Nikamtazama Verlon mlangoni, nikamwonea huruma.

Bibi Ouida alinikumbatia. Akaniachia, akanitazama kwa kushuku, akanikumbatia tena. Akanipapasa mbavu, mgongo na kiuno. Akatangaza mbele ya watu: mwanangu Royce ni laini kama unga wa mkate. Akamkumbatia Verlon, huko nako hakuhisi kitu. Sare! Lakini akasema Verlon ana mifupa na mimi nina mito, na mlangoni anataka mito. Kura yake ni kwangu!

Nilikaa saa mbili za ibada nikiwa nimekunja nne. Mahubiri yalikuwa matamu sana.

Baadaye Mchungaji akatuita wote wawili ofisini na Bibi Ouida akiwa shahidi. Akasema kabla ya kukabidhi ufunguo lazima aone silaha zimehifadhiwa salama, watu wa bima wanadai hivyo. Verlon akainua shati. Hapo kiunoni, mchana kweupe, bastola ya silinda. Na ala yake? Ngozi ngumu, klipu ya chuma, mwenzake kabisa wa ile iliyonichimba nyonga Jumanne!

Mimi nikafungua koti kwa madaha. Mchungaji akatazama. Akainama akatazama tena. Akauliza, "Royce, iko wapi?"

Nikaingiza mkono. Manyoya tupu. Bastola ilikuwa nyumbani, kwenye sefu, nilikoiweka mwenyewe.

Bibi Ouida alicheka mpaka akashika meza. Verlon hakucheka. Aliikazia macho kalenda ya ukutani mpaka machozi yakamtoka. Mchungaji akasema kwa masikitiko kwamba kweli nimeificha vizuri kuliko mlinzi yeyote aliyewahi kumwona, lakini ufunguo ni wa Verlon. Mimi nitaelekeza magari uwanjani. Uwanja wetu una magari thelathini na kila mtu anajua mahali pake.

Niliumia. Sifanyi mzaha. Nilikula pudini ya ndizi sahani tatu na haikusaidia. Kisha nikaketi garini nikimtazama Verlon akifunga mlango, na watu wamesimama kumngoja.

Akaja dirishani. Akasema siri yake ni suruali tu. Miaka ishirini ananunua iliyozidi namba mbili kiunoni, na bastola inapata chumba chake. Halafu akasema mlango ule una mabawa mawili na yeye ana mikono miwili tu, amemwuliza Mchungaji kama anaweza kuwa na mwenzake. Mchungaji amekubali. Kiti cha pili ni changu Jumapili ijayo, nikija na bastola isiyoonekana. Nisipokuja hivyo, watamwuliza mtu mwingine. "Tunakungoja, kaka," akasema.

Tunakungoja! Nikampa mkono kupitia dirishani.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nelda ametoka dukani mapema. Ametundika suruali mpya mlangoni mwa chumba, kiuno thelathini na nane. Ameitundika na kwenda zake jikoni, anaimba.

Nimeitazama kwa muda mrefu. Sikuigusa.

Badala yake nimefanya uchunguzi, kwa utulivu, kama mtu wa sayansi. Nimevaa suruali yangu ile ile ya jana na ala ile ile, safari hii na bastola ndani. Nikaketi. Imeniuma mpaka nikaona nyota.

Sasa tufikiri vizuri. Jana suruali ni hii hii, na haikuuma. Ala ni hii hii. Tumbo ni hili hili, na nilikunja nne saa mbili nzima. Kitu kimoja tu kimeongezwa leo. Ushahidi uko wazi, nashangaa Verlon na Nelda hawakuuona.

Suruali mpya nimeirudisha dukani. Nimeagiza bastola nyingine, nyembamba zaidi. Muuzaji anasema itafika Desemba. Nimempigia Verlon aniwekee kiti mpaka wakati huo. Akauliza kwani ile ya baba ina kosa gani, na suruali je? Nikamweleza kwa uvumilivu kwamba mimi sijabadilika tangu harusi. Bastola ndiyo iliyonenepa.