Mizani ya Beringi Imevunja Posa Nyumbani Kwangu

Ndugu Mkuu wa Karakana ya Boti,

Salamu kwanza, malalamiko baadaye, ndivyo nilivyolelewa. Mimi ni mke wa yule fundi wako mnayemwita Mzee Taratibu. Naandika kwa adabu, ingawa moyo unanichemka.

Tangu umfundishe kufunga upya mguu wa boti, ule unaozamia majini nyuma ya injini na kuzungusha propela, nyumba yangu haina amani. Amenieleza mpaka nimekariri: beringi zikikazwa kidogo, shafti inacheza na gia zinatafunana, zikikazwa mno, zinaungua. Kwa hiyo anazungushia shafti uzi, anaufunga kwenye mizani ya springi, anavuta polepole na kusoma shafti inagoma kiasi gani. Na akipitiliza hawezi kulegeza nati akajifanya hakuna kilichotokea, maana kibushi, kile kibomba kinachokaa kati ya beringi, kimeshabonyea. Kinatupwa, anaanza upya. Sawa, hiyo ni kazi. Lakini mizani anarudi nayo nyumbani!

1. Mlango wa jikoni. Alifunga uzi kwenye kitasa, akavuta, akasikitika, akakaza bawaba. Sasa mimi mwenye nyumba naingia jikoni mwangu kwa bega kama polisi.

2. Mama yangu mzazi, yaani mama mkwe wake, mtu wa kuheshimiwa. Alimfunga uzi mkononi akiwa ametulia kitini, akamvuta ili apime anavyogoma kunyanyuka, kisha akamtangaza kuwa yumo ndani ya kipimo. Nilitegemea mama angeniunga mkono. Wapi! Anawaringia majirani.

3. Hili ndilo linaloniua. Binti yetu aliletewa posa. Kijana wa duka la vioo, kachana nywele, viatu vinang'aa, wajomba wawili nyuma yake. Mume wangu akainuka, akasalimia vizuri, nikamshukuru Mungu. Kumbe uzi uko mfukoni! Akamfunga kijana mkononi mbele ya wajomba zake, akavuta. Kijana wa watu, kwa heshima zake, akaufuata uzi mpaka akajikuta amekaa mapajani mwa mkwe. Mume wangu akasoma mizani, akatikisa kichwa, akasema kwa huzuni kwamba huyu amelegea mno, mzigo ukimjia atatafuna gia. Wajomba wakavaa viatu. Binti akakimbilia chumbani, mabega yanamtetemeka kwa kilio.

4. Zamani alikaza nati mpaka mishipa ya shingo imtoke, basi, kazi imekwisha. Boti zilikwama, sikatai. Lakini hakuna mchumba aliyekwama.

Kwa hiyo naomba umrudishe kwenye ukazaji wa zamani. Ikishindikana, mnyang'anye mizani. Ikishindikana hilo nalo, karakana ifungwe na wenye boti wapige makasia. Babu zetu walipiga makasia na mabinti zao waliolewa wote, tena mapema. Boti ikiharibika inavutwa hadi nchi kavu. Binti yangu atavutwa na nani?

Nisalimie mtunza stoo, mchomeleaji, mlinzi wa geti na mama anayewachemshia chai. Nawaombea wote afya, na milango inayofunguka.

Ni mimi niliyesikitika,
Mke wa Mzee Taratibu

Baada ya sahihi: Nikiwa natafuta bahasha nimemkuta binti yangu na bibi yake wanacheka mpaka wanashikana. Nimewabana, wamesema. Binti hakumtaka yule kijana tangu mwanzo, akamwendea baba yake. Wakaanza na mlango, kisha bibi, ili nizoee kuona vitu na watu wakipimwa. Chumbani siku ile hakutoa hata chozi, alikuwa anacheka. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia mimi mama yake. Amesema aliogopa, kwa sababu nilikuwa nimeshashonesha gauni la harusi, tena langu, si lake.

Jibu hilo limenichoma, Mkuu, sikufichi. Nimelia mimi badala yake. Basi nafuta yote niliyoandika, isipokuwa la mlango. Mwachie mizani yake. Na kama hapo karakanani kuna yeyote anayeozesha binti hivi karibuni, anialike. Gauni ni la zambarau, na fundi cherehani amekataa kulifumua.