Mkono wa Matano

Jumanne, 1 Agosti 1961

Siku ya balaa. Niliamka mwalimu, nalala si kitu.

Asubuhi Afande Kahindi, mkuu wa kituo chetu cha ishara hapa Likoni, alitupanga mstari chini ya mlingoti wa bendera. Akasema Uhuru unapiga hodi. Manowari zitakuwa na mabaharia wetu wenyewe, na vijana wapya watafundishwa kazi ya ishara kwa Kiswahili. Lakini maneno yenyewe yako wapi? Kila tunalosema redioni ni Kizungu kitupu. Kwa hiyo anataka mtu mmoja aandike kitabu cha maneno ya kazi, akimalize kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Atakayekiandika ndiye atakayekuwa mwalimu. Na atavishwa utepe wa cheo begani.

Nilikuwa nimeshapiga hatua mbele kabla hajafunga kinywa. Nani mwingine? Mimi ni Matano wa Mwidani, mzaliwa wa Timbwani. Barua za mtaa mzima naziandika mimi, kwa herufi zenye mikia, nzuri mpaka watu huona haya kuzikunja. Na kwenye simu ya upepo sina mfano! Kila mgonga Morse ana mkono wake, kama kila mtu alivyo na mwendo wake wa kutembea. Sikiliza nukta na vistari vichache tu, utajua anayegonga ni nani. Mkono wangu nimeutoa kwenye ngoma za chapuo za harusini. Kila nikimaliza ujumbe naongeza madoido: ta-ta-taa! Hakuna mwingine mwenye mkono huo, kutoka Lamu hadi Tanga. Hili nimewaambia wenzangu mara nyingi.

Afande akanirudisha mstarini. Akamtaja Nicanor Odhiambo.

Nicanor! Wa kutoka Kisumu! Ana mwaka mmoja na nusu hapa pwani, hata tui la kwanza na tui la pili hajui kuyatofautisha. Eti ni makini. Eti daftari lake la zamu halina kosa. Sina kijicho mimi. Kijicho ni cha watu wadogo. Naihurumia lugha tu.

Kuna shida ndogo. Tetesi za kazi hii nilizisikia mwezi uliopita, nikamwambia mke wangu Mwanamkasi kwamba nimeshaipata. Amenunua utepe kwa fundi, ameushona kwenye shati langu jipya. Na dada yake Nyamvula ameshatangaza mtaa mzima.

Jumatano, 2 Agosti

Nicanor amezunguka kutwa na kijitabu. Amewauliza wafunga kamba wa feri wanaitanaje ng'ambo na ng'ambo. Amewauliza wauza mihogo wanasemaje wakitaka mtu aharakishe. Aibu! Kiswahili cha kuokota kwenye karai la mihogo!

Hilo ningelivumilia. Lakini nimerudi nyumbani saa kumi nimemkuta wapi? Kwenye mkeka wangu! Mbele yake sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, kipande cha kichwani, kipande changu. Anamwita mke wangu shemeji. Mwanamkasi amempa maneno kumi na moja, na kila neno akilipata anaandika na kusema ahsante sana. Mamangu naye amepewa shikamoo mpaka ameyeyuka. Ameniambia kijana yule ana adabu kuliko baadhi ya watu aliowazaa. Amenizaa mimi peke yangu.

La kuumiza zaidi ni hili. Mwanamkasi alimuuliza kama yeye ndiye mwandishi, basi mumewe ni nani katika kazi hii. Nicanor akanitazama kidogo, akajibu kwamba bila kaka Matano kitabu hakiendi. Amenisitiri! Nani alimwomba anisitiri? Sikulala mchana wala sikula.

Ijumaa, 4 Agosti

Nimeamua. Naandika kitabu changu mwenyewe. Afande akiviona viwili pamoja, atajua kilichopikwa na kilichochomwa.

Nimetazama maneno ya Nicanor alipoacha kijitabu mezani. Sikupekua. Kilikuwa kimefungwa, nikakifungua. Ujumbe umegawanywa mafungu manne kwa uharaka: Moto, Haraka, Mapema, Kawaida. Ukishapokea unasema: Nimepata. Ukimaliza na kumpa mwenzako nafasi unasema: Haya, sema. Basi! Hayo ndiyo maneno ya manowari? Hayo ni maneno ya watu wawili wanaotwanga mahindi.

Yangu ni haya. Badala ya Moto: "Dharura kubwa isiyomngoja mtu kumeza mate." Badala ya Nimepata: "Kauli yako tukufu imewasili salama salimini, na akili imeikaribisha." Badala ya Haya, sema: "Nami nautua mzigo wa maneno, ewe mpokezi, ubebe." Nilipoyasoma kwa sauti machozi yalinilenga. Mwanamkasi akauliza nani amefariki.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimempelekea Afande kitabu changu. Hakucheka. Alisema maneno hujaribiwa kazini. Akamtuma Nicanor gatini na redio ya kusemea, yeye akabaki kwenye mnara wa kituo na saa yake. Akatupa mfano: meli inawaka moto gatini, tuombe maji.

Nicanor alisema: Moto, gati yetu, meli inawaka, leteni maji, haya, sema. Sekunde kumi.

Nikaenda mimi. Nikasimama wima. Nikaanza na dharura isiyomngoja mtu kumeza mate, nikausalimu mnara, nikaieleza meli ilivyo, nikaingia kwenye moto wenyewe kwa mapana yake. Nilipokuwa natua mzigo wa maneno, Afande alikatiza akauliza kama meli hiyo bado ipo.

Niliporudi alisema Kiswahili changu ni kizuri, hana ubishi. Kwa Kiswahili changu meli itazama, lakini itazama kwa heshima. Wote wakaangua kicheko. Jefwa wa zamu ya pili alilia kabisa. Nicanor peke yake hakucheka. Alinambia neno langu "mpokezi" amelipenda, akaomba alitie kwenye kitabu chake. Nikamwambia achukue. Mwizi!

Jumatatu, 7 Agosti

Nimepata njia. Wallahi, njia safi!

Kwenye stoo kuna chombo cha mazoezi cha simu ya upepo, cha kufundishia wageni. Nguvu yake haivuki hata maji ya feri, lakini chumba cha mapokezi kiko hatua hamsini tu. Kesho adhuhuri nitajifungia humo na kugonga ujumbe kama meli inayopita baharini. Bila jina langu, bila sauti yangu. Nukta na vistari tu. Nani atajua?

Ujumbe nimeshautunga: "Moto. Kutoka meli inayopita. Kwa mkuu wa kituo. Mpokezi wenu Nicanor husinzia zamuni. Tumemwita mara nne hajibu. Hafai kufundisha mtu. Mwisho."

Kwa sheria zetu ujumbe wa fungu la kwanza hauwekwi. Unaandikwa kwenye daftari la zamu na kupelekwa kwa mkuu mbiombio. Nimetumia neno lake, Moto, kwa sababu la kwangu lingenichukua nusu saa. Si kwamba ni zuri.

Anayepokea kesho adhuhuri ni Jefwa. Yeye huandika anachosikia na haulizi. Aliye juu mngoje chini!

Jumanne, 8 Agosti

Nimefunga mlango ndipo naandika.

Adhuhuri nilijifungia stoo kati ya makopo ya rangi. Nikavaa vidude vya masikioni. Nikaita kituo. Nilitarajia Jefwa ajibu baada ya kupiga miayo yake mitatu, kama ilivyo kawaida yake. Nimejibiwa papo hapo! Mkono mwepesi, sawasawa, hauna haraka wala pozi. Mkono wa Nicanor. Jefwa alishikwa na jino, Nicanor akamshikia zamu.

Ningefanyaje? Kuacha katikati ni dalili ya hatia. Nikagonga yote. Nikagonga vizuri, maana kazi ni kazi. Nilipofika pale pa kuita mara nne asijibu niliona haya kidogo, kwa kuwa alikuwa ameshanijibu mara mbili.

Na ujumbe wa Moto lazima mpokezi aurudie neno kwa neno, ili mtumaji aseme ni sahihi. Basi akanirudishia. Herufi moja moja. Mpokezi wenu Nicanor husinzia zamuni. Hafai kufundisha mtu. Hakukosa hata nukta. Akauliza kama ni sahihi. Nikajibu ni sahihi. Ta-ta-taa!

Kimya. Dakika nne hivi. Nikafikiri yamekwisha. Kisha nikasikia mkono mwingine masikioni, mzito, kama mchi unaotua kinuni. Mkono wa Afande Kahindi mwenyewe. Ulisema: "Kwa meli inayopita. Matano, zima chombo, toka stoo, na makopo ya rangi uyaache kama ulivyoyakuta. Haya, sema."

Nikajibu: Nimepata.

Ta-ta-taa.

Jumatano, 9 Agosti

Nimefua bendera za ishara. Zote. Nyekundu, njano, buluu, za mraba na za mkia. Zikikauka nitazipiga pasi. Hiyo ndiyo adhabu, nami nimeambiwa ni ndogo.

Afande alinionyesha daftari la zamu. Nicanor alikuwa ameandika ujumbe wote dhidi yake mwenyewe, kwa saa na dakika, bila kufuta neno. Mahali pa jina la mtumaji aliandika: "Meli haikujitaja. Mkono ni wa Matano." Nilimwendea nikamuuliza kwa nini amenichoma. Akasema, kaka, sheria ni kuandika kile ulichosikia, na alichosikia ni mimi. Akasema tena kwamba hata ningegonga kwa kidole cha mguu angenijua. Kwa sekunde moja nilifurahi.

Halafu Jefwa akaniambia yaliyonichoma zaidi. Afande alitaka kunitoa mnarani kabisa, nikabebe makasha boharini. Nicanor ndiye aliyeniombea. Alisema ujumbe wangu ulikuwa safi, hauna kosa la herufi hata moja, na mkono kama ule kituo hakipaswi kuupoteza. Kazi yangu ameiokoa yeye! Afadhali makasha.

Mamangu amesikia yote kwa Nyamvula. Ameniambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikamwambia mikono imenitosha wiki hii.

Ijumaa, 11 Agosti

Nicanor amevishwa utepe leo. Wageni walikuja, na wake zetu, na Nyamvula na vigelegele vyake. Vijana wapya kumi na wawili walikaa mstari wa mbele, wamenyoa, wanang'aa. Wanafunzi wangu hao. Wangekuwa wangu.

Kisha ikagundulika bohari haina utepe. Umekwisha. Afande akauliza itakuwaje. Nikaanza kutabasamu. Na hapo mke wangu, mama wa wanangu, akainuka na kusema yeye nyumbani anao mmoja, mpya, haujavaliwa. Akaenda mbio, akarudi na shati langu. Akakaa chini mbele ya umma akaufumua kwa wembe, uzi baada ya uzi. Akaushona begani kwa Nicanor. Nicanor alimwambia polepole, shemeji, usifanye hivi. Mwanamkasi akamwambia atulie asije akadungwa.

Kitabu kikasomwa. Ukurasa wa kwanza una shukrani. Kwa wafunga kamba wa feri. Kwa wauza mihogo. Kwa Bibi Mwanamkasi wa Timbwani, maneno kumi na moja. Kwa Bwana Matano wa Mwidani, neno moja.

Neno moja! Kumi na moja kwa moja! Namwonea kijicho mke wangu mwenyewe. Haya, nimesema.

Usiku Mwanamkasi aliketi karibu nami. Akasema hakuufumua ule utepe kwa kunitukana. Kila siku alipofungua kasha aliuona, na kila siku aliona haya kwa niaba yangu, na sasa unavaliwa na aliyeufanyia kazi, kwa hiyo roho yake imetulia. Nilimshika mkono.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimeamka mtu mpya. Nicanor amepita asubuhi kuniomba nimsaidie somo moja: mkono wa mgonga Morse. Nikae mbele ya vijana, nigonge, wajifunze kwamba mkono haufichiki hata mtu afanyeje. Afande amekubali. Nimekubali nami. Nimemkaribisha chai, na mkate wa mofa. Nilipoutazama ule utepe begani kwake moyo ulinichoma kidogo tu, mara ngapi sijui.

Alipoondoka nilitafakari sana. Nimelitambua kosa langu, nalikiri hapa. Kosa lilikuwa Morse. Morse ina mkono.

Kwa hiyo safari hii nimeandika barua. Kwa wakubwa wa makao makuu, kuhusu mwalimu fulani wa Likoni na kitabu chake cha karai la mihogo. Karatasi nyeupe, wino mweusi. Nimetumia herufi zangu zilizo bora kabisa, mikia yote mahali pake, maana wakubwa hawaandikiwi ovyo. Chini nimetia sahihi: Mimi, Msiyenijua. Chini ya hapo madoido kidogo.

Nimempa Nyamvula aipeleke posta. Ameitazama bahasha, hata hajaigeuza, akaniuliza safari hii nimemwandikia nani. Nimemwambia si mimi.