Nondo Nne Juu ya Bati

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Andika, wifi. Usinitazame hivyo, wewe andika. Karani wa kodi kasema mwenye malalamiko alete maelezo kwa maandishi, siku kwa siku, tarehe juu. Tarehe umeweka? Haya. Mie kalamu sijui inashikwa upande gani. Wewe umepiga taipu ofisini miaka thelathini na moja, na marehemu kaka yako aliniachia vitu viwili, nyumba hii na wewe. Kila neno ninalosema liandike. Usiruke, usirembe.

Wamekuja asubuhi. Wawili. Karani, binti mwenye miwani, na bwana wa makufuli. Huyo bwana hasemi kitu. Kazi yake kubeba ndoo ya makufuli mekundu, kama anauza nyanya. Kodi ya jengo, eti miaka mitatu sijalipa. Mpaka Ijumaa ya wiki ijayo niwe nimelipa au nimefika mbele ya kamati. Nisipofika, mlango unapigwa kufuli. Mlango wangu! Niliingia mlango huu nikiwa bibi arusi, kwa mguu wa kulia, na viatu vinanibana.

Binti kanipa na karatasi ya pinki. Kaanza kunieleza, eti bibi hii ni muhimu. Sikusikia. Macho yangu yalikuwa kwenye ndoo. Karatasi ya mtu wa kodi itakuwa na nini kama si kodi? Nimeikunja mara nne, nimeitia chini ya cherehani, kwenye ule mguu mfupi. Cherehani imetulia tuli. Angalau serikali imenisaidia kitu.

Mchana sikula. Moyo unanipiga kama sindano kwenye turubai. Wifi kala chake, kala na changu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kila kiatu kikipita nje nadhani ni wao. Nimeshona mto mmoja tu, na nimeushona upande si wake.

Nikasema ngoja nikamuulize jirani yeye analipa ngapi. Jirani ni Bwana Ghorofa. Ghorofa nne, chini maduka, juu wapangaji, mapazia kila dirisha, hata mtoto kalia ghorofa ya tatu jana nikamsikia. Jengo hilo ndilo limeniibia jua. Zamani sufi yangu ya mito ilikauka uani kwa siku moja. Sasa saa sita tu kivuli chake kinanifika, sufi inakaa siku tatu inanuka kama soksi.

Nimemkuta dukani kakaa kwenye kiti cha kuzunguka. Nikamuuliza. Kacheka! Kasema, bibi yangu, mimi jengo langu bado halijaisha, tazama juu. Natazama. Juu kabisa zimechomoza nondo, kama nywele za mtu aliyeamka vibaya. Kasema jengo ambalo halijaisha halilipiwi kodi ya jengo, linalipiwa kiwanja tu. Nikamuuliza linaisha lini. Kasema Mungu akipenda.

Miaka kumi na tisa Mungu hajapenda! Na nondo zenyewe kazipaka rangi zisishike kutu!

Hapo nikapandisha sauti. Nikasema mwenye ghorofa nne analipa udongo, mwenye vyumba vitatu analipa nyumba, hiyo ni haki ya wapi? Watu wakajaa. Yeye naye kasimama, kasema anaajiri watu kumi na wawili, yeye ndiye anayelisha mtaa, na taa ya njiani nani kaweka kama si yeye? Nikamwambia taa hiyo inamulika mlango wako, sisi tunaona mwanga wa pembeni kama nondo wa usiku, wale wadudu. Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye sabuni mkononi kasema mpe, mama, mpe! Nikapata nguvu. Nikasema mwenye nacho atoe kingi, na ianzie hapa hapa, kwenye mchango wa kuchimba mtaro wetu. Mwenye ghorofa atoe mara tatu! Makofi. Mzee wa mtaro, yule anayekusanya michango, katoa daftari lake kaandika.

Nimerudi nyumbani natembea kama waziri. Nilipofika mlangoni nikakumbuka kufuli.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimepata dawa! Nimepata!

Nilikuwa naosha sufuria. Nikajiuliza, kwani jengo ambalo halijaisha ni nini? Ni nondo. Na nondo ni nini? Ni chuma, kinauzwa. Nimemwita fundi. Nimemwambia nataka nondo nne juu ya nyumba. Kaniuliza za kubeba nini. Nikamwambia hazibebi kitu, za kuonekana tu. Kajikuna kichwa. Kasema bibi, nondo haisimami juu ya bati, lazima ishike ukuta, kwa hiyo mabati mawili yatatoka. Nikawaza yatoke wapi. Chumbani kwangu kuna cherehani na sufi. Jikoni kuna moto. Yatoke kwa wifi.

Wifi kanuna. Kasema mkuki kwa nguruwe, juzi nilimfokea Bwana Ghorofa mbele za watu, leo nafanya yale yale. Nikamwambia si yale yale hata kidogo. Yeye anakwepa, mie najikinga. Na ninamkinga na yeye wifi, maana kufuli likipigwa atalala kwa nani? Kauliza atajikinga na nini mvua ikija. Nikasema huu si msimu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Zimesimama. Nne! Kunguru kashatua juu ya moja. Nimekaa ng'ambo ya njia na kigoda nikizitazama. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimekunywa chai mpaka mwisho wa kikombe.

Halafu maneno yakaanza. Muuza mkaa kauliza, mama, unapandisha ghorofa? Ningesemaje? Nikasema ndiyo. Kufika saa tisa mtaa mzima unajua nina fedha. Mwenye duka kaniita bosi na kakataa kunikopesha chumvi, eti matajiri hawakopi. Binamu wa marehemu, ambaye msiba wenyewe hakuja, leo kaja kunijulia hali. Kaijua kwa saa mbili, kisha kaomba nauli.

Jioni kaja mzee wa mtaro na daftari. Mchango wangu mara tatu! Nikamwambia baba, unanijua mie, mjane, mshona mito. Kaangalia nondo. Kasema kwa upole, mama, si wewe uliyesema mwenye ghorofa atoe mara tatu? Tena ulipiga na meza ya watu. Nikamwambia nilisema mwenye ghorofa, sikusema mwenye nondo. Kauliza tofauti yake.

Nimetoa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mvua.

Nani kaileta mvua hii? Imenyesha tangu alfajiri, na yote nadhani imepita kwenye tundu la wifi. Ndoo, beseni, sufuria, hata chupa ya maua, vyote vimejaa. Kitanda cha wifi kimekuwa kisima. Maji yakatoka chini ya mlango wake yakaja kwangu taratibu, kama mgeni anayejua njia. Magunia mawili ya sufi yamelowa. Mito saba imevimba, ukiibonyeza inatema.

Wifi kafagia maji, kainama chini ya cherehani, kanyanyuka, kahamia kitandani kwangu upande wa ukutani na mkoba wake. Kalala. Anakoroma kwa haki kabisa. Mie nimekaa kwenye kigoda, cherehani imeanza tena kuchechemea, natazama mlango.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Karani kapita na bwana wa ndoo. Nikatoka mbio kabla hajabisha. Nikamwambia mwanangu, samahani, mlikosea, nyumba hii haijaisha. Nikamwonyesha juu kwa kidole.

Katazama. Kavua miwani, kafuta, kavaa. Kauliza kibali cha kujenga ghorofa kiko wapi. Kibali gani tena? Nikasema na Bwana Ghorofa je, naye anacho? Kasema anacho, anakihuisha kila mwaka. Looo! Kumbe hata kutolipa kuna karatasi yake! Kaandika kwenye fomu: ghorofa inajengwa bila kibali. Sasa ni kodi ile ile, na faini juu yake.

Kisha kauliza kwa sauti ya chini, bibi, ile karatasi ya pinki umeijaza? Nikasema nimeitunza pazuri. Kasema Ijumaa uje nayo, tafadhali sana. Walipoondoka nikachungulia chini ya cherehani. Hakuna kitu! Maji yameichukua. Nimepekua mpaka kwenye ndoo za taka. Bwana wa makufuli alipoondoka aliupapasa mlango wangu, kama anapima mtu nguo.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Kesho kamati. Lakini nina daftari hili. Kila kitu kimo, tarehe juu. Nimelifunga kwa kitambaa cha mto mpya.

Wifi kauliza kama nataka anisomee kwanza. Nikamwambia ya nini? Kwani sijui nilichosema?

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Wifi, andika na haya ya leo.

Kamati watu watatu. Mwenyekiti mzee mmoja mwenye kikohozi. Nikampa daftari kwa mikono miwili, nikasema ukweli wangu wote umo humo. Kalifungua, kasoma kwa sauti. Jumatatu, vizuri. Jumanne, vizuri sana, kafika kwenye nondo za rangi kasimama, karudia mara mbili. Nikafurahi. Nikakaa wima.

Kasoma Alhamisi. "Hazibebi kitu, za kuonekana tu."

Jamani! Nilimgeukia wifi. Kanijibu kwa utulivu, wifi, ulisema kila neno, usiruke, usirembe. Kikulacho ki nguoni mwako, na mie nimelala naye kitanda kimoja! Mwenyekiti kacheka mpaka kikohozi kikamshika, wakamletea maji. Na bwana wa ndoo, mlangoni, yule asiyesema, kacheka pia. Nikasema basi, nyumba imekwenda.

Karani kauliza karatasi ya pinki. Nikafungua mdomo nidanganye. Kabla sijatoa neno, wifi kafungua mkoba, kaitoa. Imepigwa pasi! Aliiokota siku ya mvua, kaikausha, kaijaza mwenyewe. Kumbe ilikuwa ya msamaha. Mjane mzee mwenye nyumba moja anayoishi humo humo halipi kodi ya jengo. Hata ya miaka iliyopita inafutwa. Nilikuwa nimeikalisha chini ya mguu wa cherehani!

Nikaweka dole gumba. Faini wamenisamehe, kwa sharti: nondo zitoke, mabati yarudi, Ijumaa ijayo wanakuja kukagua na daftari hili walione tena. Na mwenyekiti kamwambia karani, kesho peleka ndoo kwa huyu wa ghorofa nne anayemsubiri Mungu miaka kumi na tisa.

Njiani nilitaka kumshukuru wifi. Nikamwambia pasi ilikuwa ya moto mno, imeunguza pembe.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mabati yamerudi. Kitanda cha wifi kiko juani, nusu siku.

Bwana Ghorofa kaja. Kapiga hodi, kavua viatu, kaniita mama yangu mzazi. Amekonda kidogo. Nondo zake zinakatwa, jengo limeisha ghafla, kodi ni ya kweli sasa. Nilijiandaa kumcheka. Lakini kaongea vizuri. Kasema, mama, nasikia wajane wazee hawalipi. Basi ghorofa ya juu tuiandike kwa jina lako, kwenye karatasi tu. Na wewe utaanika sufi yako juu ya paa. Jua la siku nzima, mama! Siku nzima!

Wifi kasema msamaha ni wa mwenye nyumba moja, na hiyo itakuwa ya pili. Nikamwambia ghorofa si nyumba, ni kipande cha nyumba. Na huku si kukwepa, ni kuanika. Dole gumba nimeshaweka, na magunia mawili yako juu tayari.

Hili la ghorofa, wifi, usiliandike. Kamati wanalitaka daftari Ijumaa.

Wifi. Mbona kalamu bado inatembea?