Nyekundu Yenye Adabu

Jumatatu, 14 Julai 2025
Leo nimeiona njia ya kuwa mkuu wa kitengo! Mzee Masele, meneja wa ushirika wetu wa pamba, atatangaza jina Ijumaa. Tuko wawili tu, mimi na Fadhila. Kazi yetu ni kuchunga kompyuta tisa zilizotawanyika Igogo, Ilemela na Misungwi. Kwenye skrini kijani ni nzima, njano inachoka, nyekundu iko hatarini, na Mzee hupata ujumbe kwenye simu. Leo kikaoni amelalamika. Alikuwa mezani na wakwe zake, simu ikamwandikia HATARI. Akauliza kompyuta hii ni ya ukoo gani, haijui hata kusalimia. Fadhila akacheka. Mimi nikaandika.

Jumanne, 15 Julai
Nimeshinda kwenye mipangilio. Njano, diski ikijaa asilimia sabini. Nyekundu, tisini. Hapo sikugusa, mimi si mjinga. Nimegusa maneno. Njano inaamkia, kisha inataja shida. Lakini nyekundu ni habari nzito, na habari nzito haisemewi mlangoni. Kwa hiyo inaamkia, inauliza hali ya mama na watoto, inauliza ng'ombe, inaomba radhi, ndipo inaeleza. Hata rangi yenyewe nimeipoza, sasa ni waridi. Fadhila akanionya kuwa ujumbe wetu hukatwa ukifika herufi mia moja na sitini. Nikamwambia heshima haipimwi kwa rula. Wivu ule!

Jumatano, 16 Julai
Njano Ilemela! Mzee akapata shikamoo yake, akasoma, akamwagiza Fadhila asafishe diski. Kisha akanisifu mbele ya watu, akasema sasa hii ni kompyuta iliyolelewa. Fadhila alipotoka nilikalia kiti cha mkuu kidogo. Kinazunguka vizuri.

Alhamisi, 17 Julai
Siku mbaya. Saa tatu asubuhi, Fadhila akiwa Igogo, Misungwi ikawa waridi, na leo ndiyo siku ya mizani, wakulima wanapimiwa pamba. Ujumbe ulimfikia Mzee huko Shinyanga. Ningeweza kusafisha diski mwenyewe kutoka hapa kwa dakika kumi. Lakini ukishamwamkia mkubwa, unatendaje kabla hajajibu? Nikasubiri. Saa nne akajibu. Marahaba, nyumbani wazima, ng'ombe salama, asante kwa kujali. Nikasubiri aendelee.

Saa sita kompyuta ikasimama. Mizani haikuandika hata kilo moja. Luhaga, mpimaji wa kule, alinipigia simu akasema wakulima wamekaa juani mpaka jioni. Mama mmoja, Mhoja, alitoka kwake alfajiri na mkokoteni wa ng'ombe, akarudi na pamba yake yote. Hakugomba. Aliuliza tu aje lini tena. Imeniuma sana.

Ijumaa, 18 Julai
Mzee amerudi. Kikaoni aliinua simu akausoma ujumbe wangu kwa sauti, mpaka ulipokatika: kwa unyenyekevu naomba nikujulishe kwamba. Akauliza, kwamba nini? Nikaanza kwa kumwamkia. Akaniambia ninyamaze.

Mkuu ni Fadhila.

Amerudisha nyekundu yake na maneno mawili, HATARI MISUNGWI. Baadaye alinikuta stoo, akaniambia pole. Hakucheka. Afadhali angecheka. Kisha akanipa kazi ya kuandika tangazo la kuwaomba radhi wakulima na kuwapa siku mpya ya mizani. Akasisitiza liwe fupi, litabandikwa mlangoni pa ghala Misungwi kesho.

Jumamosi, 19 Julai
Fadhila ameshauliza mara tatu kama tangazo liko tayari. Haraka gani hizi! Watu wamekosewa, huwezi kuwavamia. Nimemaliza salamu kwa wazee wa kila kijiji, nimeulizia mavuno, na Mama Mhoja nimempa aya yake peke yake. Siku ya mizani nimeiweka kwa upole kabisa, mwisho wa ukurasa wa tano.