Mitumba ya Bibi Rosina

Kwa niaba ya Kurugenzi ya Fursa za Utafiti kwa Wanafunzi wa Shahada ya Kwanza, Tawi la Sumbawanga, ninautaarifu umma kwamba mradi wetu mkubwa wa mwaka umefikia hatua ya mafanikio ambayo bado inatafutiwa jina. Kuna maneno yanazagaa mtaani Kizwite kwamba maprofesa walilimishwa. Hayo ni maneno ya vijiweni. Maprofesa walishiriki. Mimi, Theodory, Mratibu wa Fursa, nilikuwepo, na malengelenge ninayo.

Kwanza ieleweke kurugenzi yetu inafanya nini. Zamani mwanafunzi wa chuo alikaa darasani, akanakili, akafanya mtihani, akaenda zake. Sisi tukasema akae karibu na mhadhiri, waichunguze dunia pamoja, fani yoyote iwayo. Mwongozo wetu, ambao niliuandika mwenyewe, unasema kwa ufupi: mwanafunzi atapata fursa, mhadhiri atapata utafiti. Mwaka wa kwanza tu, Sharon wa Kemia alipata fursa ya kuchunguza chai ya mkuu wa idara hupoa baada ya muda gani ikibebwa kutoka kantini. Kijana mmoja wa Sheria alichunguza foleni ya mashine ya kusaga kwa muhula mzima, akiwa ndani ya foleni hiyo na debe la mahindi la mhadhiri wake.

Mashine yenyewe ilikuwa karibu. Ofisi yetu ipo ghorofani, mashine ipo chini. Ikiwaka, vikao vinaendelea lakini hakuna anayesikia kitu, na ndiyo maana maazimio yetu mengi yamepita bila kupingwa.

Ofisini humo ndimo alimonikuta Bertilla, mwanafunzi wa Kilimo, mwaka wa tatu, mtoto wa kijiji cha Kaengesa. Ilikuwa Juni na baridi ya Ufipa ilikuwa imekaza. Alivaa masweta mawili.

"Shikamoo Mratibu."

"Marahaba. Fomu?"

Akanipa nakala saba. Swali lake la utafiti lilisomeka hivi: kwa nini ulezi unaopandwa pale ntumba zilipobomolewa unastawi kuliko wa kwingine? Mahali pa utafiti: shamba la bibi yake, Rosina.

Msomaji asiye wa huku aeleweshwe. Masika yakielekea mwisho, Wafipa hukata nyasi pamoja na mizizi yake, wakazirundika, wakafunika rundo kwa udongo. Rundo hilo ndilo ntumba. Nyasi zinaoza humo kiangazi chote. Mvua za kwanza zikirudi, ntumba zinabomolewa, ule udongo mweusi unasambazwa, ulezi unapandwa. Mimi nimezaliwa Namanyere na nimechapwa sana kwa kucheza juu ya ntumba za mama yangu. Lakini nyumbani ni nyumbani na ofisini ni ofisini.

"Swali lako dogo," nikamwambia. "Halijavuka fani."

"Ni dogo kweli, Mratibu. Ila jibu lake hatuna."

"Sasa kama jibu huna, unaombaje utafiti?"

Nikamwambia aje kesho. Akaja kesho, na kesho yake, na kesho yake tena, mara kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mashine ya kusaga iliharibika, ofisi ikawa kimya, nikakosa pa kujificha. Nikapeleka fomu kuchapwa.

Kompyuta yetu haijui Kifipa. Ilipokutana na neno "ntumba" ililisahihisha yenyewe, na hati ikatoka na kichwa hiki: Mitumba ya Bibi Rosina wa Kaengesa. Niliona kosa. Nikaona pia kwamba hati imekwisha kupigwa muhuri, nikaisambaza vitivoni.

Ndani ya wiki moja Dokta Asnath wa Kitivo cha Biashara alikuwa Kaengesa na dodoso la kurasa arobaini, akimuuliza Bibi Rosina marobota yanaingia kutoka wapi na suruali za jinzi ni asilimia ngapi. Bibi Rosina alimjibu kwa heshima kwamba yeye suruali havai. Jibu likaandikwa kama mwelekeo wa soko.

Kisha akaja Profesa Maximilian wa Historia na Malikale. Yeye alikataa habari ya nguo tangu mwanzo. Aliteremka kwenye gari, akayatazama yale marundo arobaini na matatu yalivyojipanga kwenye mteremko, akavua kofia.

"Hapa amezikwa chifu, Mwene Ntumba, na watu wake," alisema. "Tazama mpangilio. Hii si kazi ya mkulima."

Bibi Rosina alikuwa amesimama ubavuni pake, jembe begani. "Ni kazi ya nani sasa?" akauliza.

"Ndilo tunalotafiti, bibi."

Fani mbili zikagongana, na mgongano wa fani ndiyo kazi yangu. Nikaitisha kikao. Mashine ilikuwa imetengenezwa, ikanguruma vizuri, na tukaafikiana. Mradi ukaitwa Mavazi na Maziko ya Kichifu Katika Uwanda wa Ufipa: Mtazamo wa Fani Mtambuka. Shamba likazungushiwa utepe wa njano, tukasimika kibao: ENEO LA UTAFITI. USILIME, USIKANYAGE, USIULIZE. Swali la Bertilla likahamishiwa kwenye kiambatisho, na mwenyewe akapewa fursa ya kushika mwavuli wa Profesa.

Mwishoni mwa Oktoba Bibi Rosina alipanda ngazi za ofisi yangu, akisindikizwa na mjukuu wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mawingu umeyaona? Mvua ikinikuta sijafungua shamba, ulezi sina. Mwakani nitakula nini, kile kibao?"

"Upo utaratibu, bibi. Unaweza kuomba kulima shamba lako."

"Namwomba nani?"

"Profesa."

"Naye analima?"

"Anatafiti."

Akanitazama usoni. "Wewe si mtoto wa Kristiana, wa Namanyere? Basi hizi ni nini unajua. Waambie."

Nikasema kikao kinaanza. Hakukuwa na kikao na mashine chini ilikuwa imezimwa. Niliona aibu, nasema wazi, lakini kwenye mwongozo aibu haina kifungu.

Bertilla hakubishana. Aliomba tu fomu ya Marekebisho ya Mbinu za Utafiti, akakaa benchi la nje, akaijaza. Aliponiletea nakala saba mashine ilikuwa imewaka na mimi nilikuwa nasaini. Mratibu akisoma kila anachosaini, kazi za umma zitasimama.

Mwisho wa Novemba akaja Naibu Mkuu wa Chuo kutoka makao makuu, kupokea matokeo palepale shambani. Ni mama mtaratibu, ila ana tabia moja mbaya: anasoma nyaraka. Tulifunga turubai, tukapanga viti vya plastiki chini yake; sisi waandaaji tukasimama nje. Akina mama wa jirani walikuja kwa wingi, wakasimama nyuma na majembe yao. Nilifurahi. Niliandika kwamba mwitikio wa jamii ni mkubwa.

Profesa Maximilian alivaa suti nyeusi, kwa heshima ya marehemu. "Chini ya marundo haya," alisema, "amelala Mwene Ntumba."

"Pamoja na mavazi yake," akaongeza Dokta Asnath.

Tone la kwanza likaangukia karatasi ya Profesa. La pili likaangukia kipara changu. Naibu Mkuu hakutazama juu. Alikuwa amefungua jalada.

"Hapa pana mbinu zilizoidhinishwa," akasema. "Nasoma: Siku mvua ya kwanza itakaponyesha, ntumba zote zitabomolewa na kusambazwa kwa majembe. Mtafiti Mkuu, Rosina wa Kaengesa, uzoefu miaka hamsini na mmoja. Mwandishi wa takwimu, Bertilla. Watafiti wasaidizi, Profesa Maximilian, Dokta Asnath, Mratibu Theodory." Akanigeukia. "Saini hii ni yako?"

"Inafanana na yangu, mheshimiwa."

"Na mwongozo unasemaje kuhusu kubadili mbinu zilizokwisha kuidhinishwa?"

Mwongozo nimeuandika mimi. "Hazibadilishwi," nikasema. "Na msaidizi hapati cheti mpaka Mtafiti Mkuu aridhike."

"Basi Mtafiti Mkuu aendelee. Mimi nitakaa hapa chini ya turubai nitazame."

Bertilla akafunga mwavuli wa Profesa, akamrudishia. Akaenda kuukata utepe kwa panga. Bibi Rosina akamletea Profesa jembe.

"Bibi, haya ni makaburi," Profesa alisema kwa sauti ya chini.

"Basi piga taratibu."

Akapiga taratibu. Ukatoka udongo mweusi wenye uvuguvugu, na nyasi zilizooza, na minyoo minene ya afya. Akabomoa la pili, la tatu, la sita, kila mara akichungulia kwanza. Akina mama walikuwa wamemaliza mistari miwili, wanacheka bila kujificha. Katika rundo la tisa Dokta Asnath aliinua mkono, maana alikuwa ameona kitambaa.

Sote tukakusanyika. Kilikuwa kipande cha kitenge, kimeoza nusu.

"Kumbe kilikuwa humu," alisema Bibi Rosina. "Kitambaa changu cha kichwa. Nimekitafuta tangu Machi."

Dokta Asnath alikiandikisha kama robota moja, daraja la pili.

Kila msaidizi alipewa safu yake ya ntumba. Kwa mchango wao, Profesa Maximilian alikamilisha safu yake siku ya pili, Dokta Asnath siku ya tatu. Vyeti vyao vina alama ya dole gumba la Mtafiti Mkuu, na Profesa ameambatisha chake kwenye jalada la kupandishwa cheo, kwa kuwa hana kingine cha kuambatisha. Ulezi umeota. Bertilla anautembelea kila asubuhi na rula na daftari, na sasa ana maswali mawili: la kwanza lilelile la ulezi na ntumba, na la pili, kwa nini ulezi umechelewa katika safu za wahadhiri. Naibu Mkuu amekubali kumsimamia mwenyewe.

Mimi bado nashiriki. Safu yangu ndiyo ile ya mwisho, yenye mawe. Siku ile ya kwanza, watu walipotawanyika, Bibi Rosina alinifuata.

"Ulijua hizi ni ntumba?"

"Nilijua, bibi."

"Na nilikuomba useme."

"Uliniomba."

Tangu hapo kila jioni ninaosha jembe, ninajaza fomu ya cheti nakala saba, nampelekea alipokaa kwenye kigoda chake mlangoni. Anaipokea kwa mikono miwili, anaigeuza huku na huku, anaitazama safu yangu, kisha ananiambia nije kesho. Jana ilikuwa mara ya kumi. Bertilla ndiye anayehesabu, na ameniambia nisikate tamaa, zimebaki mbili.